Madaraja ya Mbao ya Majumba ya Unguja

Tufundishapo habari za zamani za Unguja, vita vya mwaka 1896 hupita upesi. Husemwa tu ya kuwa ndivyo vita vifupi kupita vyote vilivyoandikwa, ya kuwa vilidumu kama dakika 38, na watoto wakisikia hucheka, kisha mwalimu hugeuza ukurasa. Katika maandiko haya twataka kuirudia habari hiyo kwa njia nyingine, nayo ni njia ya madaraja. Maana majumba yaliyopigwa siku ile hayakuwa ngome. Yalikuwa nyumba za watu, na yaliunganishwa kwa madaraja ya mbao yaliyofunikwa, yakipita juu ya njia. Mtu akijua kwa nini madaraja yale yalijengwa, na ni nani waliopita ndani yake, atajua pia ni kitu gani kilichoungua siku ile.

I. Neno daraja

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Gogo lililolazwa toka ukingo mmoja wa mto hata wa pili huitwa ulalo, na jina hilo lafuata tendo: mti umelala. Kivuko cha kamba kinachoning'inia huitwa tingatinga. Lakini daraja ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kidato cha ngazi, tena ni cheo. Mwarabu akitaka kutaja kitu cha kuvukia mto husema jisr au kantara. Waswahili ndio waliolichukua neno la kidato wakalipa kazi ya kuvusha. Hata leo lachukua maana zote mbili: twasema daraja la mto, na twasema mtu wa daraja ya juu. Msomaji na aziweke maana hizi mbili akilini, kwa sababu katika majumba ya Unguja zilikutana mahali pamoja.

Mjini Unguja kila mtu ajua mahali paitwapo Darajani. Hapo zamani palikuwa na hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Hori lilifukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki, na watu huenda sokoni Darajani pasipo kuona maji ya kuvuka. Ndivyo lilivyo jambo hili mara nyingi: daraja hudumu katika ulimi kuliko katika mbao zake.

Lakini liko daraja la namna nyingine, ambalo halikujengwa kwa ajili ya maji. Watu wa Lamu huliita wikio. Nalo ni chumba au ushoroba uliojengwa ghorofani, toka ukuta wa nyumba moja hata ukuta wa nyumba ya pili, na njia ya watu ikapita chini yake. Desturi ya huko ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba aolewapo, na mara nyingi nyumba hiyo ilijengwa karibu na ya wazazi. Kwa wikio mama na binti waliweza kuonana asubuhi na jioni pasipo kushuka njiani.

Fundi wa pwani hakuona tabu kulijenga daraja hilo, kwa sababu kipimo chake alikuwa nacho tayari. Nyumba za mawe huezekwa kwa boriti za mikoko, zilizoletwa kwa majahazi toka Rufiji na toka Lamu, na boriti haichukui uzito wa dari ikiwa nafasi imezidi mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Njia za mji nazo ni nyembamba vivyo hivyo. Basi boriti itoshayo kufunika chumba yatosha kuvuka njia, na daraja la wikio ni chumba kimoja tu kilichokosa ardhi chini yake.

Na mwanamke asiyekuwa na wikio alifanyaje? Huko Lamu palikuwa na shiraa, yaani hema la nguo lililochukuliwa kwa vijiti, naye mwenyewe akaenda ndani yake. Neno ni lile lile la tanga la chombo. Twaweza kusema ya kuwa shiraa ilikuwa daraja litembealo, kwa maana lilimvusha mtu toka mlango hata mlango pasipo kuonwa. Wikio na shiraa hufanya kazi moja, nayo ni sitara.

II. Jumba la Mtoni

Sayyid Said bin Sultan alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na katika miaka iliyofuata alijijengea jumba huko Mtoni, ufukoni, upande wa kaskazini ya mji. Hilo ndilo lililo la kale kuliko majumba yote ya masultani katika kisiwa. Jina latokana na kijito kilichopita hapo kikaingia baharini.

Habari za maisha ya ndani ya jumba hilo twazipata kwa binti yake mwenyewe, Seyyida Salme, aliyezaliwa papo hapo Mtoni mwaka 1844. Baadaye aliondoka Unguja, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kikapigwa chapa Berlin kwa Kijerumani. Asimulia ya kuwa upande wa bahari palikuwa na baraza kubwa la mviringo lililoinuliwa juu, jina lake benjle. Lilikuwa la mbao, sakafu na vizuizi vyake vimetiwa rangi, na paa lake limesimama kama hema. Humo Sayyid Said alitembea huku na huku, kichwa ameinamisha, akichechemea kwa sababu ya jeraha la vita, na humo watu wa nyumbani mwake waliweza kunywa kahawa na kuitazama bahari.

Twalitaja benjle kwa sababu laonyesha upande mmoja wa ujenzi wa majumba yale. Mbao zilitumika kwa mambo mawili. La kwanza ni kuona: kukaa juu penye upepo na kutazama jahazi zikiingia. La pili ni kutoonwa. Mtoni palikuwa shambani, pana nafasi nyingi na majirani wachache, na ua wake ulitosha kuwasitiri waliokaa ndani. Lakini jamaa ya Sultani ilipohitaji kukaa mjini, kati ya njia na soko na forodha, hapo ndipo haja ya daraja ilipotokea.

III. Daraja la juu ya hamamu

Mjini Sayyid Said alikuwa na Beit as-Sahel, maana yake nyumba ya pwani. Kando yake ilikuwako nyumba nyingine, Beit al-Thani, maana yake nyumba ya pili, ambayo hapo kwanza ilikuwa makao ya bibi wa Kiajemi aliyeolewa na Sayyid Said. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na hamamu, yaani nyumba ya kuogea. Salme aandika ya kuwa nyumba hizo ziliunganishwa kwa daraja lililopita juu ya hamamu. Yeye mwenyewe alikaa Beit al-Thani, basi daraja hilo alilijua.

Hapo twaona ya kuwa wikio limepanda daraja. Lile lililovusha mama na binti katika nyumba mbili za mji sasa lilivusha jamaa ya mfalme. Lakini yatupasa kuuliza: jamaa hiyo ni ya nani? Katika nyumba za Sayyid Said waliishi mke wa ndoa, na masuria wengi, na watoto wao, na watumwa wasiohesabika kwa urahisi. Masuria walitoka Uhabeshi, na wengine walitoka mbali, katika milima ya Wacherkesi. Mama yake Salme, jina lake Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Alichukuliwa angali mtoto mdogo, wazazi wake wameuawa, akaletwa hata akafika katika nyumba ya Sultani. Alipendwa, akaheshimiwa, akamzaa binti wa mfalme. Lakini hakuja kwa hiari yake.

Kwa hiyo daraja lililofunikwa lina nyuso mbili, na mwalimu asimwonyeshe mwanafunzi uso mmoja tu. Waliolijenga waliona ni heshima. Mwanamke wa cheo hakupaswa kutazamwa na wapagazi na mabaharia, na daraja lilimpa uhuru wa kwenda nyumba ya ndugu yake saa yo yote apendayo. Hayo ni kweli, wala Mkristo asiyadharau. Lakini pia ni kweli ya kuwa wengine kati ya waliopita humo waliletwa wamenunuliwa, na ya kuwa chini yake walipita wengine, wanaume kwa wanawake, wenye mizigo kichwani, ambao hakuna aliyewaza kuwasitiri. Juu na chini ya ubao ule ule pakawa na daraja mbili za watu.

IV. Sayyid Barghash

Sayyid Said alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, na Unguja ikatawaliwa na mwanawe Majid. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash aliasi. Nyumba yake mjini ilizingirwa na askari, akafungiwa ndani. Dada zake wawili, Khole na Salme, walikuwa upande wake, na ndio waliomtoa. Waliingia nyumbani mwake, wakamvika nguo za kike, wakamfunika hata akabaki kuonekana macho tu, wakatoka naye katikati ya wanawake wao. Askari hawakuthubutu kumtazama mwanamke aliyejifunika. Hivyo akaponyoka usiku, akaenda kujiunga na watu wake shambani Marseilles.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyoshushwa ukutani katika kapu huko Dameski. Barghash alitoka kwa sitara. Jambo aliloliasi hakulipata wakati huo: watu wake walishindwa, naye akapelekwa Bombay akakaa huko kama miaka 2. Lakini mtu aliyeokolewa kwa nguo ya kike alikwisha kujua nguvu ya kitu kisichotazamwa.

Mwaka 1870 Majid alifariki, na Barghash akashika ufalme. Habari za ufalme wake ni nyingi, na wasomaji wetu wazijua: mapatano ya mwaka 1873 yaliyofunga soko la watumwa, na kanisa la Mkunazini ambalo Askofu Steere alianza kulijenga mwaka huo huo mahali pa soko lile, maji safi yaliyoletwa mjini kwa mifereji toka chemchemi. Sisi twatazama nyumba zake tu. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilikamilika, nyumba ya maajabu, yenye nguzo ndefu za chuma na baraza pana zilizoizunguka kila ghorofa. Ilikuwa nyumba ya sherehe na ya kupokelea wageni. Kando yake, upande wa kaskazini, ikasimama Beit al-Hukm, na humo walikaa wanawake. Kisha ikafuata Beit as-Sahel. Majumba matatu yakapangwa mstari mmoja, yameelekea bahari, na yote yakaunganishwa kwa madaraja ya mbao yaliyofunikwa, yaliyo juu kuliko vichwa vya wapita njia.

Twaweza kusema ya kuwa lile daraja la juu ya hamamu limehama likajengwa upya, kubwa zaidi. Hatusemi ya kuwa mbao zile zile zilichukuliwa. Lililohama ni wazo na desturi. Hapo kwanza lilivuka hamamu kati ya nyumba mbili za jamaa. Sasa liliunganisha nyumba ya serikali na nyumba ya wanawake na nyumba ya kukaa. Mwanamke wa jumba aliweza kutoka Beit as-Sahel, akapita Beit al-Hukm, akafika Beit al-Ajaib, na mguu wake usikanyage mchanga.

Kazi hiyo haikutaka boriti za mikoko tu. Nafasi ikiwa pana, fundi hutafuta mbao ndefu zilizopasuliwa, huziegemeza ukutani pande zote mbili, huweka sakafu, kisha huziba ubavuni na kufunika juu. Paa la daraja la mbao si pambo. Mbao zikinyeshewa na masika, zikakaushwa na kaskazi, zikanyeshewa tena, huoza katika viungo. Paa hulinda viungo hivyo kama kofia ilindavyo kichwa. Basi katika Unguja paa lilifanya kazi mbili kwa mara moja: lililinda mbao na mvua, na lililinda watu na macho. Tatu halikuweza, nayo ni kuzuia moto.

V. Tarehe 27 Agosti 1896

Sayyid Barghash alifariki mwaka 1888. Baada yake walitawala ndugu zake wawili, kisha Hamad bin Thuwaini. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na tangu hapo Waingereza walitaka kila sultani mpya akubaliwe nao kwanza. Hamad alifariki ghafula tarehe 25 Agosti 1896. Mara hiyo Khalid, mwana wa Barghash, kijana bado, aliingia katika majumba ya baba yake akajitangaza kuwa sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Muhammed. Wakampa Khalid muda hata saa 3 ya asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera yake na kutoka.

Bandarini zilikuwako manowari 5 za Kiingereza: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, chini ya Admeri Harry Rawson. Ndani ya majumba walikusanyika watu karibu 3,000. Wengine walikuwa askari, lakini wengi walikuwa raia waliojiunga siku zile, pamoja na watumishi na watumwa wa jumba kwa mamia. Walijikinga kwa masanduku na marobota. Ukuta wao ulikuwa ni nyumba zenyewe, na sehemu kubwa ya nyumba hizo ilikuwa mbao.

Saa 3 na dakika 2 mizinga ililia. Merikebu ya Sultani, Glasgow, ilijibu, ikazamishwa. Kombora zilizopasuka ndani ya majumba ziliwasha moto. Watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ilipofika saa 3 na dakika 40 bendera ilikuwa imeanguka na mizinga ikanyamaza. Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Wajerumani, na mwezi Oktoba akachukuliwa kwa manowari ya Kijerumani mpaka Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakampeleka mbali uhamishoni, na mwaka 1927 alifariki Mombasa.

Sasa na tuyatazame majumba. Beit al-Hukm, nyumba ya katikati, iliharibika kabisa. Beit as-Sahel iliharibika vibaya. Beit al-Ajaib haikupata madhara makubwa. Na madaraja? Daraja huhitaji ukuta pande mbili. Nyumba ya katikati ilipoanguka, mistari yote miwili ya madaraja ilikosa pa kushika.

Hii ndiyo sababu tumesema ya kuwa habari ya dakika 38 yafaa kusimuliwa tena. Mwenye kuhesabu dakika huona mashindano, kama mbio za watoto. Mwenye kuhesabu madaraja huona nyumba. Huona mizinga iliyotengenezwa kuvunja chuma cha merikebu ikielekezwa penye vyumba vya kulala, na penye njia nyembamba za mbao zilizojengwa ili mama wa watu apite asionwe. Kitu kilichofichwa kwa miaka mingi kilifunuliwa kwa asubuhi moja. Na kati ya waliokufa wako watumwa, ambao hawakuulizwa kama wampenda Khalid au Hamoud. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Haki yatudai tuseme na jambo la pili. Hamoud aliyewekwa na Waingereza ndiye aliyetia sahihi mwaka 1897 amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja. Walimu wa misheni wana sababu ya kuikumbuka amri hiyo kwa shukrani, ingawa haikumfungua kila mtu siku ile ile. Lakini shukrani ya jambo la 1897 haitulazimishi kucheka jambo la 1896.

VI. Kilichohama na kilichobaki

Baada ya vita Beit as-Sahel ilijengwa upya. Mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ulikuwa umevunjwa, na badala yake mnara mpya wa saa ulijengwa mwaka 1897 ukishikamana na nyumba yenyewe, usoni pake. Basi mnara ulihama toka ufukoni ukapanda nyumbani. Beit al-Hukm haikujengwa tena, mahali pake pakawa bustani, na kwa hiyo madaraja yaliyoishika nayo yalikwisha. Apitaye leo kati ya jumba moja na la pili hupita penye nafasi wazi.

Moto haukuishia hapo. Jumba la Marhubi, ambalo Barghash alilijenga kati ya mji na Mtoni, liliungua mwaka 1899; zikabaki nguzo za mawe zilizokuwa zikichukua ghorofa ya mbao, na hamamu yake. Jumba la Mtoni lenyewe lilikuwa limeachwa muda mrefu, na mwaka 1914 moto ukaliharibu; kuta zikabaki, benjle halikubaki. Ukizipanga tarehe hizo, 1896, 1899 na 1914, waona ya kuwa katika miaka 18 karibu kila kitu cha mbao kilichofanywa kwa ajili ya kuona na kutoonwa kilitoweka, na mawe tu yakasalia.

Je, mambo yangeweza kuwa mengine? Hapa twapenda kutoa mfano wa nchi ya mbali, lakini isiyo ngeni kwa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na nguo zilizoletwa toka huko zimeacha jina lake katika lugha yetu, merikani. Basi mwaka 1832, katika miaka ile ile ya mwanzo wa jumba la Mtoni, wakulima wa jimbo la Pennsylvania katika Marekani walijenga daraja la mbao za mwaloni juu ya kijito chao, wakaliezeka paa. Laitwa daraja la Ackley. Lilivusha magari ya ng'ombe na farasi kwa zaidi ya miaka 100. Daraja jipya lilipotakiwa, Henry Ford, yule mwenye kutengeneza motakaa, alipewa lile la zamani. Lilibomolewa mti kwa mti mwaka 1937, likachukuliwa mpaka Dearborn katika jimbo la Michigan, likasimamishwa tena mwaka 1938 katika kijiji cha makumbusho. Lipo hata leo, na watu hupita ndani yake.

Mfano huu wafundisha mambo mawili. La kwanza, daraja la mbao laweza kuhama kuliko nyumba ya mawe, maana viungo vyake vyaweza kufunguliwa na kufungwa tena, endapo mafundi wafika kabla ya uharibifu. Daraja la Ackley lilifikiwa na mafundi. Yetu yalifikiwa na mizinga. La pili, paa la wakulima wa Pennsylvania lilijengwa kwa ajili ya mvua tu. Kwa hiyo likihamishwa maili mamia, bado ni lile lile. Mvua iko kila mahali. Lakini daraja la Beit al-Hukm lilijengwa kwa ajili ya macho ya watu wa njia moja, na cheo cha watu wa nyumba moja. Hata kama mbao zake zingepona zikawekwa katika makumbusho, lingekuwa ushoroba wenye dari, na mtazamaji asingejua maana yake mpaka asimuliwe.

VII. Yatupasayo walimu

Neno hili si la zamani tu. Beit al-Ajaib ilifanywa afisi za serikali tangu mwaka 1911, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 na miaka mingi mingine ikawa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Mnara uliohamishwa kwa sababu ya mizinga ya 1896 ukaanguka pasipo mzinga wo wote. Tangu hapo mazungumzo ni ya kuijenga tena. Wajenzi watapima nguzo na kuta. Hakuna kuta ziwezazo kuwaambia ya kuwa nyumba ile haikusimama peke yake, ya kuwa ilikuwa na mkono ulionyoshwa kwa jirani yake. Hilo litasemwa na wenye kusoma na kufundisha.

Basi twawaomba walimu wenzetu na mapadre mambo matatu. Kwanza, mfundishapo habari ya 1896, msianze na dakika. Anzeni na majumba matatu na madaraja yake, waambieni wanafunzi ni nani aliyepita juu na ni nani aliyepita chini, ndipo mtaje mizinga. Pili, kusanyeni maneno. Ulalo, tingatinga, wikio, shiraa, benjle: kila moja ni mlango wa desturi, na mengine yamekwisha kuwa mageni kwa vijana wa mjini. Waulizeni bibi wazee wa Unguja, Lamu na Mombasa walivyoviita vivuko vya nyumba zao, mkaandike kama wasemavyo, pasipo kuwasahihisha. Tatu, mwanafunzi akiuliza kama madaraja yale yalikuwa heshima au kifungo, msimjibu upesi. Msomeeni habari za Jilfidan na za Salme, na za usiku ule wa 1859, mkamwache apime mwenyewe.

Wenye habari za mawikio yaliyosimama bado, mahali yalipo, na nyumba ziunganishwazo, watatusaidia sana wakituandikia, nasi tutazipanga pamoja kwa faida ya wote.